Darubini Tatu za Hakosi

Kitambulisho kilimtaja kwa jina la babu yake, lakini hilo lilikuwa la ofisini tu. Tangu mwaka ule alipowaangusha nguruwe pori wawili kwa risasi mbili, wa pili akiwa hajajua bado kwamba mwenzake amelala, wakulima walimwita Hakosi, na yeye akaitika. Ukishaitika jina la namna hiyo umejitwika mzigo. Mtu aitwaye Hakosi akikosa mara moja, habari zinafika sokoni kabla yake.

Na mwaka huu alikosa mara tatu.

Alikuwa mwindaji wa chama cha wakulima kwa miaka ishirini na sita. Kazi yenyewe si ya kupigia picha: unakaa pembeni ya mahindi alfajiri na jioni, unavumilia mbu, na unahakikisha nguruwe hawageuzi shamba la mtu kuwa uwanja wa mpira. Bunduki ilikuwa ya chama, ila ililala kwake, ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti nne, na ufunguo hakuuvua shingoni hata akioga. Kila mwaka ofisa wa wanyamapori alikuja kumpima. Bati la duara lenye ukubwa wa sahani, hatua mia moja, risasi tatu, na zote tatu ziingie. Ukipita, kibali kinagongwa muhuri. Ukishindwa, bunduki inarudi chamani siku hiyohiyo na kazi anapewa mwingine. Miaka yote hiyo Hakosi alipita huku akitafuna kijiti mdomoni. Safari hii zilibaki siku ishirini na tano, na kwa mara ya kwanza alikuwa akizihesabu.

Sababu alikuwa nayo tayari. Alisema kile kinundu cha chuma kilichoko mbele ya mtutu, unachokipanga sawasawa katikati ya mfuo wa nyuma ndipo ufyatue, siku hizi kimeota manyoya. Hakikai wazi. Mwenyekiti wa chama, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, hakutaka kubishana na aliyemwokolea mahindi muda wote huo. Akasema umri ni umri, wenzake wa rika lake wote wanafunga darubini juu ya bunduki, basi chama kitamnunulia. Achague mwenyewe, ila achague inayodumu, si pambo la kupasuka kwa teke la risasi ya kwanza.

Haya. Mwambie mtu achague kitu ambacho hajawahi kukitumia maishani mwake, halafu kaa pembeni umtazame.

Duka lilikuwa la mjane mmoja wa fundi bunduki, mwanamke mnene, msafi, asiye na haraka, ambaye mji mzima ulimwita Mama Risasi na hakuna aliyethubutu kumcheka. Alitandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akapanga darubini saba kama mtu anayepanga vijiko vya wageni. Kisha akaanza kumuuliza. Anapiga umbali gani? Porini au mahali pa wazi? Anataka ya kukuza mara nne tu, au ya kuzungushwa kutoka mara tatu hadi mara tisa? Bomba nene au jembamba? Na mistari ya ndani, ile ya kulengea, anataka msalaba wa waya mwembamba, au uliochorwa kwenye kioo chenyewe, au wenye nguzo nene zinazochongoka kuelekea kati, au wenye vidoto, yaani nukta ndogo za kupimia umbali? Mistari ikue pamoja na picha, au ibaki ilivyo?

Hakosi alikuwa akiitikia tu. Ndiyo, mama. Sawa, mama. Ukweli ni kwamba alipotea kuanzia kwenye bomba. Alijiona kama mtu aliyetumwa chumvi akafika dukani akaulizwa chumvi ya bahari ipi. Moyoni akajikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima, akanyoosha kidole kwenye ile iliyokuwa rahisi kuliko zote: nyeusi, fupi, ya kukuza mara nne, isiyozunguka wala kupanuka, yenye msalaba mwembamba wa waya. Aliinua akachungulia nje ya mlango, akaona kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara kimemjia hadi puani, akafurahi kama mtoto. Alikitazama kibao tu, msalaba hakuutazama.

Nyumbani aliifanyia mtihani wake. Hapo lazima nimsifu, maana uzembe haukuwa tabia yake. Aliizamisha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu akakaa juu ya kigoda dakika kumi akisubiri viputo, kwa sababu darubini inayotoa kiputo ni darubini itakayoingia ukungu. Hakikutoka hata kimoja. Akaikausha, akaidondosha mara tatu kutoka usawa wa goti juu ya gunia lililokunjwa. Akaitikisa sikioni, haikulia. Mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa akishona barazani, alimuuliza kama ile ni darubini au ni mwali anayechezwa unyago. Hakosi akaitoa bunduki kabatini. Alifunga pete za kuishikilia darubini, akakaza skrubu, akalaza bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, akaelekeza ukutani, akafumba jicho la kushoto kama alivyolifumba maisha yake yote, akatazama.

Msalaba haukuwa na kati. Mistari ilikuja vizuri kutoka pande nne, halafu kabla ya kukutana ikapotea, kama watu wanne waliokubaliana kuonana njiapanda kisha kila mmoja akaghairi.

Alifuta lenzi kwa kanga ya mkewe. Akatazama tena. Hakuna kati. Waya umekatika, akasema, na akajipongeza kwa kuugundua ubovu kabla ya siku ya mtihani.

Mama Risasi aliipokea, akatoka nayo hadi mlangoni penye mwanga, akachungulia muda mrefu. Alisema kwa upole kwamba yeye anauona msalaba mzima. Lakini mteja alikuwa mtu mzima mwenye jina lake, na waya ni kweli huweza kukatika, na yeye si wa kumrudisha mtu na kinyongo. Akaiweka rafuni, akampa ya pili: msalaba uliochorwa kwenye kioo, ambao hauna cha kukatika, wenye nguzo nene ambazo hata mtu wa rika lao, alisema akijihesabu naye, angeziona bila taabu.

Siku nane zilikuwa zimekwenda. Hakosi akazamisha, akadondosha, akatikisa, akafunga. Nguzo nene alizipenda, aliziona vizuri sana huko pembeni. Ila nguzo ya chini, ilipokaribia kati, ilipinda kama msumari uliopigwa na mtu mwenye hasira. Na ule mstari mwembamba wa katikati ulikuwa na kitu kama doa la kijivu juu yake, ambalo hakuweza kulifuta kwa nje wala kulipuliza.

Sasa kichwa kikaanza kumzunguka. Waya unakatika, sawa. Kioo kinapindaje? Akaiacha siku tisa kwenye meza akitumaini itajinyoosha. Naona haya kumsemea, lakini ndivyo alivyotumaini. Asubuhi ya kumi ilikuwa imepinda zaidi. Akairudisha.

Safari hii Mama Risasi alitazama, akaishusha, akamtazama yeye. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema imenyooka.

"Mimi nimewinda miaka ishirini na sita, mama," Hakosi akamwambia.

"Najua, mzee wangu," akajibu, na akaichukua.

Heshima zetu hizi wakati mwingine zinaua, mniwie radhi. Mwanamke yule alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, tena neno lenyewe hasa, akalimeza kwa sababu mtu aliyesimama mbele yake anaitwa Hakosi. Angelisema, pengine angetukanwa. Na atukanwe! Kutukanwa hakuui. Badala yake alimpa darubini ya tatu, na ya tatu hata hakuichagua Hakosi.

Aliyeichagua ni shemeji yake, kaka wa mkewe, sajini mstaafu, mtu wa kujua kila kitu na kukisema kwa sauti. Shemeji alikuwa amekwenda naye dukani siku hiyo kwa hiari yake mwenyewe, na alikwisha kumtania njia nzima kwamba mwindaji anayeogopa darubini ni sawa na bwana harusi anayeogopa shela. Alisema mambo ya msalaba ni ya zamani. Siku hizi ni vidoto: kidoto cha kati kwa hatua mia, halafu vitano chini yake vya kushukia kadiri umbali unavyoongezeka. Hakosi hakuelewa kwa nini mtu anayelinda mahindi ahitaji kupiga umbali wa kidoto cha tano, lakini alikuwa amechoka kuchagua. Akakubali, na lawama akawa amepata pa kuitua.

Walikaa barazani wawili hao, bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, na cherehani ya mke ikipiga nyuma yao.

"Hesabu vidoto vya chini," shemeji akasema.

Hakosi akahesabu. "Viwili. Cha kati chenyewe hakipo."

Shemeji akasogea, akatazama. Akasema vitano, na cha kati kipo. Hakosi akarudi akahesabu tena, akapata viwili na kitu kama kivuli cha cha tatu. Akamuuliza shemeji amekunywa nini asubuhi. Shemeji akamwambia anayekunywa hahesabu vingi, anahesabu vichache. Kutoka hapo walipanda hadi mambo ya mahari ya zamani, mpaka shemeji akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga, na Hakosi akabaki na bunduki, hasira, na siku saba kabla ya mtihani.

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akaja, akaweka miwani yake vizuri, akainama kwenye darubini bila kuomba ruhusa. Akahesabu kwa kunong'ona.

"Vitano," akasema. "Baba watoto, labda ni jicho."

Neno dogo tu. Lakini Hakosi alilipokea kama kofi. Jicho! Jicho ambalo limewalaza nguruwe wasio na idadi, jicho lililomtoa kwenye vibarua vya mashamba ya mabwana wengine na kumpa jina? Akamwambia, kwa sauti ambayo baadaye aliijutia, kwamba mwanamke wa cherehani hajui lolote kuhusu kulenga.

"Kulenga sijui," mkewe akasema. "Mstari ulionyooka naujua. Ndio unaotulisha mimi na wewe msimu ukiwa mbaya."

Hakosi akamnyang'anya sindano na uzi vilivyokuwa kifuani mwa gauni lake, akatia uzi kwenye tundu kwa mara moja, akamrudishia. Haya, jicho bovu linatia uzi kwenye sindano? Kwa kweli alitia safi kabisa. Mkewe akarudi kwenye cherehani. Wala hakuna kati yao aliyefikiri kwamba mtu anapotia uzi hufungua macho mawili, na anapolenga hufungua moja. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na mke wa kumwonyesha bado hakuliona.

Basi akaja na njia yake ya kumaliza ubishi. Jirani yao alikuwa mwashi, na mwashi ana timazi: uzi mrefu wenye jiwe la chuma chini yake. Uzi wa timazi hauna upande, hauna shemeji, hauuzi kitu. Ukining'inia, umenyooka. Atautundika kwenye boriti ya baraza, atapanga mstari wa darubini juu ya uzi, na kosa la darubini litaonekana wazi kama mjusi ukutani. Mwashi alimpa, akamwonya asimpotezee jiwe.

Alitundika. Akatazama ndani ya darubini. Mstari ulipinda, sawa, hilo alilijua. Lakini uzi nao ulikuwa umepinda. Ulishuka vizuri kutoka kwenye boriti, ulipofika katikati ukafanya kibiongo, halafu ukaendelea chini kwa adabu kana kwamba halikutokea jambo.

Akasema ni upepo. Mkewe akaleta ndoo ya maji, wakatumbukiza jiwe humo ili litulie, maana hivyo ndivyo waashi wanavyofanya. Uzi ukatulia kabisa, na kibiongo kikabaki. Akasema uzi wenyewe una fundo. Mkewe akakata uzi mpya wa kufumia, mweupe, wa kutoka kwenye kidonge kisichofunguliwa. Huo nao ukafanya kibiongo palepale. Hakosi akaanza kusema kitu kuhusu boriti, akaona mwenyewe kwamba boriti haiwezi kupinda uzi, akaacha sentensi njiani.

Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya wiki mbili na zaidi nyuma. Aliiweka bunduki chini, akasimama mbele ya uzi bila darubini yoyote, akafumba jicho la kushoto. Kibiongo kilikuwepo.

 Ukuta ukipinda unamlaumu mwashi, mstari ukipinda unamlaumu mwenye duka. Uzi ulionyooshwa na jiwe lake mwenyewe, ndani ya maji, mbele ya nyumba yako, utamlaumu nani?

"Fumba la kulia," mkewe akasema.

Alijaribu. Msinicheke nikisema hakuweza. Mtu aliyefumba jicho la kushoto kwa zaidi ya miaka thelathini, ukope wa kulia haujui kazi hiyo; alikunja pua, akatoa meno, macho yote mawili yakafumba pamoja. Mkewe akanyoosha mkono, akalifunika jicho la kulia kwa kiganja chake.

Uzi ukanyooka.

Akamwambia aiondoe ile ndoo, hapana, aiache, alete bunduki. Akaiweka darubini kwenye jicho la kushoto, kiganja cha mkewe kikiwa bado usoni pake, wamesimama wamesongamana kama watu wanaopiga picha ya harusi. Kidoto cha kati kilikuwepo. Vya chini vilikuwa vitano, vyeusi, vimepangana. Alivihesabu mara mbili kwa sauti.

Halafu, kwa sababu mtu hataki kuamini mpaka aumie, akakitoa kiganja cha mkewe, akafunika la kushoto yeye mwenyewe na kumgeukia. Aliona kilemba, masikio, hereni mbili, na mabega. Palipokuwa na pua na mdomo wa mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na mmoja palikuwa na kitu cha kijivu, kimetulia. Akaogopa. Aliogopa kuliko siku ile dume la nguruwe lilipomgeukia akiwa na bunduki tupu.

Kesho yake wakaenda hospitali, wao wawili, na mchana ukapita kwenye benchi. Daktari wa macho alikuwa binti wa umri wa mtoto wao wa mwisho, akimwita baba, na mikono yake ilikuwa ya baridi. Alimtia matone, akamwangaza, akampa karatasi yenye miraba midogo midogo yenye nukta katikati, akamwambia atazame nukta kwa jicho moja moja na aseme anachokiona. Kwa la kulia nukta haikuwepo, na miraba iliyoizunguka ilikuwa imepinda kama wavu uliokanyagwa. Hakosi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Ila kuambiwa aliambiwa: nyuma ya jicho, mahali penyewe pa kuonea kati, vimishipa vinavuja damu. Si darubini, si waya, si kioo.

Daktari akauliza mistari ilianza lini kupinda. Hakosi akahesabu kwa darubini, maana kalenda nyingine hakuwa nayo. Ya kwanza ndiyo iliyokosa kati. Akasema yapata siku kumi na nane, au kumi na tisa.

Yule binti aliandika, halafu kalamu yake ikasimama. Alisema, bila kumlaumu, kwamba ipo sindano. Wanaokuja siku za mwanzo mara nyingi huokolewa sehemu kubwa ya kuona. Kwake damu imekaa, kovu limeanza; watamchoma ili lisienee, lakini kati ya jicho lile asiitarajie tena. La kushoto ni zima. Alipime kwa karatasi ile kila asubuhi, na siku mstari mmoja ukipinda, hata kidogo, aje siku hiyohiyo, asisubiri hata kula.

Mkewe alilia njiani. Alisema yeye alikwisha kulisema, akalisema mara moja tu akaliacha, na kosa ni lake. Hakosi alimwambia asimwibie kosa lake. Kisha Hakosi akasema kile ambacho kilikuwa kikimtafuna tangu kwenye benchi.

"Ile risasi ya tatu niliyokosa, kule kwenye mahindi marefu. Niliona kitu cheusi kinainama. Nikapiga. Hatukukuta unyoya wala tone la damu, nikasema nguruwe kakimbia." Akasimama. "Mke wangu, sijui nilimlenga nani."

Mkewe akamshika mkono. Alasiri ile, kwenye mahindi yale, watu walikuwa wakipalilia. Hakuna aliyeumia, hilo walilijua, wangesikia. Lakini hakuna aliyeumia kwa sababu Hakosi alikosa, na hiyo ndiyo heri yote iliyokuwepo.

Siku za katikati, kabla ya mtihani, alijaribu kulia. Namaanisha kulia machozi, na pia alijaribu bega la kushoto, vyote viwili, na vyote havikumkubali. Kitako kilikaa vibaya, mkono wa kushoto haukujua kifyatulio, mashavu hayakujua pa kulala. Shemeji alikuja bila kofia, akaketi chini karibu naye, akamfundisha kama wanavyofundishwa makuruta, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumtania. Siku ya tatu, kwenye uwanja wa chama, Hakosi akapiga risasi tatu kwa mkono wa kushoto, zikaingia mbili. Shemeji akasema ya tatu itakuja, bado siku moja. Ilikuwa inawezekana, na Hakosi alilijua hilo.

Siku ya mtihani ofisa alikuja na daftari lake, bati likatundikwa, wakulima kadhaa wakakaa kwenye nyasi kuangalia kama kawaida yao. Hakosi alifika na bunduki ndani ya mfuko wake wa turubai, zipu imefungwa. Alimwendea mwenyekiti akamwambia hatapiga.

Mwenyekiti alimvuta pembeni. Habari alikwisha kuzisikia, zilishafika sokoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wao ni watu, si mawe. Ofisa ni mwelewa. Wanaweza kuahirisha mwezi mmoja azoee mkono wa kushoto, au bati likaletwa karibu kwa hatua thelathini, nani atahesabu? Hakosi alitaka kukubali. Nisidanganye, alitaka sana. Alilitazama lile bati na mate yakamjaa mdomoni kama mwenye njaa.

"Bati halina shida, mwenyekiti," akasema. "Hata nikilipiga leo. Shida ni anayepalilia nyuma yake."

Akavua ufunguo shingoni. Kamba yake ilikuwa imeacha alama nyeupe kwenye ngozi. Mwenyekiti aliupokea asijue aushike vipi, akauhamisha mkono huu na mkono huu. Ofisa akaleta fomu ya makabidhiano. Bunduki moja, namba zake, mkanda, mfuko wa turubai. Chini kulikuwa na nafasi ya vifaa, na mwenyekiti, ambaye hakujua aseme nini kwa mtu aliyewatumikia miaka ishirini na sita, akashika la karibu. Aliuliza waandike darubini gani, kwa ajili ya huyo atakayekuja. Zote tatu Hakosi amezishika, amezizamisha, amezidondosha. Hakuna hapa anayezijua kuliko yeye. Ipi ndiyo inayodumu?

Hakosi alifikiri, au alijifanya anafikiri.

"Ile ya kwanza," akasema. "Nendeni kwa Mama Risasi mkaichukue. Haikuwa na kasoro yoyote."